Mdudu wa Darubini ya Kolandoto

Mume wangu, Baba Kulwa, alipoanza kuhara damu, majirani zetu kwenye kambi ya wachimbaji pale Geita walisema amelogwa. Dresa, yule mfunga vidonda wa kambini, alimtazama akatikisa kichwa. "Mpelekeni hospitali ya misheni, Kolandoto. Wana darubini ya kuonea wadudu wa magonjwa." Nikafunga mizigo. Mama mkwe wangu akasema anakuja nasi, lakini moyo wake ulikuwa kwa mganga.

Asubuhi tulipanda lori la pamba. Lilisimama mara nyingi ili mume wangu ashuke vichakani, na kila aliporudi uso wake ulikuwa umezidi kusinyaa.

Kivukoni Busisi, mama mkwe alinishika mkono. "Mama Kulwa, upande huu nina ndugu anayejua mizizi. Ukimvusha mwanangu akafia ugenini, utaniambia nini?"

"Mayu, mama yangu, tuvuke," nilimjibu, nikamwongoza mume wangu kwenye kivuko.

Ndani ya gari moshi kutoka Mwanza, nilimlaza mume wangu mapajani. Kila tuliposimama stesheni nilimwekea kiganja puani nihisi pumzi.

Kolandoto tulifika jua likiwa kali. Mpimaji, Bwana Yohana, alitaka choo kibichi palepale. "Kikipoa, mdudu anaacha kutembea, nami sitamtambua." Alikipokea akaondoka mbio. Baadaye akatuita tuone.

Niliinamia darubini nikitegemea kuona kichwa na miguu. Niliona kitone cha uteute kisicho na umbo. Mara ubavu wake ukachomoza kama ulimi, mwili wote ukamiminikia mle, kikawa kimehama. Kisha ulimi mwingine ukatokea upande wa pili.

"Hiyo ndiyo miguu yake?"

"Ndiyo, mama. Anaitoa anapoihitaji, kisha anairudisha mwilini. Anakula kwa miguu hiyo hiyo. Anakizungushia chakula pande zote mpaka kimo ndani. Unaona vile viduara tumboni mwake? Ni damu ya mumeo."

Niliondoa jicho kwenye darubini. Wachawi nimewaogopa tangu utoto, lakini mchawi ana uso.

Mama mkwe naye aliinama, akatazama muda mrefu. "Anaingiaje?"

"Kwa maji, mama. Na kwa chakula."

"Basi mchomeni sindano mwanangu," akasema, akajikalia sakafuni.

Sindano zilianza siku hiyo. Yohana akataka nami nipimwe, maana tulikunywa maji ya mtungi mmoja. Nilikutwa na wadudu hao, ingawa sikuumwa popote. Mpaka dawa zilipokwisha nilikuwa nalala nimeshika tumbo, nikiwafikiria wakichomoza na kujivuta ndani yangu, kimya.

Tulirudi Geita, Baba Kulwa akitembea mwenyewe, mwembamba kama fito. Kisima chetu kilikuwa palepale, chini ya mteremko wa vyoo. Nilipowaeleza majirani nilichokiona, wengine walicheka. Mama mkwe hakubishana nao. Alimwaga mtungi wetu wote, akaniambia niwashe moto.

Nilichojifunza ni kuyaogopa maji maangavu. Hata yakishachemka, huinua kikombe kwenye mwanga kabla ya kunywa, nikijua fika kwamba jicho langu halitaona kitu.