Kitanda Kinachotazama Mlango

Jirani yangu hapa Kashaulili haweki kitu ndani kabla hajakaa mwenyewe mahali kitakapowekwa. Akinunua kiti kilichotumika, anaketi kwanza sakafuni, anageuza shingo taratibu, anaangalia mwanga unaingilia wapi, ndipo anakivuta. Mapazia yake ni mashuka ya mtumba. Sokoni huyainua juani kutafuta matundu, halafu huyapitisha shavuni kabla ya kuuliza bei kwa ile sauti yake ya chini. Juzi juzi vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi ya bluu, maana chumba cha nyuma alikipaka mwenyewe.

Chumba hicho alikuwa anamwandalia mama yake, mjane aliyebaki peke yake kijijini Usevya, ambaye kila akiitwa mjini alikataa. Wiki iliyopita akaja. "Nalala leo na kesho tu, narudi kwangu," alisema akiwa bado mlangoni. Jirani yangu hakubishana. Alimwonyesha kitanda, ambacho alikuwa amekigeuza kitazame mlango unaofungukia kichochoroni, ili mama awaone wapita njia na wao wamsalimie. Jioni nzima nilimsikia yule bibi akiitikia, "Marahaba," na kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Asubuhi jirani alikuja kwangu kuazima nyundo.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Mama anataka msumari ukutani," akasema. "Anasema rozari yake haiwezi kukaa kwenye begi siku zote."