Mara Hamsini kwa Kitufe Kimoja

Fundi wa kompyuta haketi kitini mpaka ajue kosa liko wapi. Hupiga magoti chini ya meza, miwani imepanda kwenye paji la uso, na kila waya anaoushika huufuata kwa kidole gumba hadi mwisho, kama anayetafuta fundo kwenye uzi. Karani wa masjala alimtazama, roho juu. Alikuwa na kompyuta mbili zinazotumia skrini, kibodi na kipanya kimoja, kupitia kisanduku chenye kitufe cha kuhamia huku au kule. Kila akikibonyeza, skrini ilizimika na barua aliyokuwa akiiandika ikaenda na maji. Mkuu wa ofisi alishakata shauri, akamwambia fundi: "Ni mikono yake, mama. Anabonyeza vibaya."

Fundi akarudi chini ya meza. Alichomoa waya, akajaribu, akaurudisha, akachomoa mwingine. Saa ya chai ikampita. Mwishowe alizitoa kwenye kisanduku nyaya za skrini za kompyuta zote mbili, akazichomeka moja kwa moja nyuma ya skrini, kisanduku akakiachia kibodi na kipanya tu. "Kilikuwa kinainyang'anya kompyuta skrini yake kila ukihama," alimwambia karani, "nayo inachanganyikiwa." Karani akabonyeza. Skrini ikatulia.

"Imepona," akanong'ona.

"Imepona mara moja tu." Fundi akabonyeza mwenyewe, huku, kule, midomo ikihesabu mpaka hamsini. Ndipo akavuta kiti cha karani na kumwita mkuu.

"Keti, mzee. Bonyeza."

Mkuu akabonyeza, skrini ikabaki inawaka, akataka kuinuka.

"Bado," alisema fundi. "Sasa bonyeza vibaya."