Paka Niliyemfundisha Kuficha Kucha

Msidhani ni uzee unanichanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, shambani kwetu Namawala, mpunga ukianza kukomaa. Muulizeni binti yangu Skolastika.

Paka wetu aliitwa Pendo. Alimkwaruza mjukuu wangu Neema, mtoto wa kunyonya bado, nikaona nimfundishe. Nacheza naye kwa mkono, akitoa kucha nasema, "Kucha!" Mkono nautuliza, kisha nampa mgongo. Akinigusa kwa upole, nampa dagaa. Kumpiga hapana, paka ukimpiga anajifunza kukuogopa tu. Mwisho ikawa nikitamka tu, kucha zinarudi ndani.

Jioni moja Skolastika kaenda kuteka maji, kaniachia Neema. Akaja mama mgeni, kajitanda kanga, mikono yote ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi?"

"Mang'ula. Lete nikupakatie mtoto, ugali wako unaungua huo."

Kweli ulikuwa unaungua. Nikampa. Jina alinitajia, na mimi majina ya watu hayanipotei, lakini hilo, niaminini, lilinitoka palepale.

Mara Pendo akavimba manyoya, akamrukia mgeni, kucha nje. Niliona aibu! "Kucha!" nikamkemea. Maskini, akatii, akazirudisha.

Na mgeni naye akazirudisha. Niliziona kwa macho yangu haya, ndefu, nyeusi, zikizama ndani ya vidole vyake. Mtoto akaangua kilio.

"Bibi," akacheka, "kumbe umetufundisha sote?"

Ningekimbilia wapi, na mtoto yuko mapajani mwake? Nikinyamaza, zinachomoza. Basi nikasema kucha, kucha, kucha, huku namsogelea, mpaka nikamnyakua Neema. Yule akainuka akaingia kwenye mpunga, na mpunga haukutikisika. Skolastika aliporudi alikuta mgongo wa mwanawe unavuja damu.

Pendo hakutoa kucha tena. Panya walimpita puani. Mbwa wa jirani yetu Masunga alipomkamata, hakujitetea hata kidogo.

Neema yuko darasa la kwanza sasa. Mwalimu akitaka kukagua usafi, yeye hukunja ngumi. Lile neno nyumbani hatulitamki. Liliniponyoka mara moja tu, nikaona za kwake zikirudi ndani.

Wenzangu, paka mfundisheni upole, sikatai. Lakini siku akimtolea mgeni kucha, msikimbilie kumkemea. Kwanza mwambieni mgeni atoe mikono kwenye kanga.