Kwa Wivu Hadi Mkange, Kusikiliza Nyimbo za Shangwira

Nilikwenda Mkange kwa sababu ya wivu, na ninyi wenzangu wa Bagamoyo mnaosoma haya msinitafutie sababu nyingine. Shoga yangu Rehema, mwalimu wa sekondari, amebuni bara zima kichwani mwake, akaliita Shangwira, akalitungia watu, mila na nyimbo kwa ajili ya mchezo wa jukwaani utakaoonyeshwa hapa mjini. Tangu usichana wetu, kila wimbo alioutunga Rehema niliuimba mimi. Safari hii alikwenda kijijini Mkange kutafuta kikundi cha kina mama waimbaji, akakutana na mkulima mmoja aitwaye Mwanahawa, akarudi hana habari nyingine mdomoni. Mwanahawa hivi, Mwanahawa vile. Mwimbaji mkuu alikuwa bado hajatangazwa, na nafasi hiyo mimi niliihesabu yangu. Nikamwambia Rehema nitafuatana naye mazoezini. Nilitaka kumwona huyo mtu kwa macho yangu.

Asubuhi ya Jumamosi tuliondoka kwa pikapu ya shemeji yangu Hamisi, aliyekuwa anakwenda kununua ufuta. Nilivaa baibui langu jipya na viatu vya kuendea harusini, na vumbi lije tu. Rehema alinitazama miguuni, akapanda garini.

Tulipoipita Makurunge, Rehema alianza kutusimulia bara lake, na nakiri nilisahau kununa kwa muda. Watu wa kaskazini ya Shangwira hawana ngoma, wanatwanga vinu vitupu na kila ukoo una mtwango wake. Wa milimani huimba wamegeuziana migongo, kwa kuwa kwao kumtazama mtu anayeimba ni sawa na kumchungulia akioga. Mpiga ngoma akifariki, ngoma yake huwambwa ngozi mpya na kupewa jirani aliyekuwa hapatani naye. Hamisi aliuliza kama huko ufuta una bei nzuri. Rehema akamwambia hajafika kwenye ufuta.

Baada ya kuvuka Mto Wami sikuweza kujizuia, nikamwuliza nani atakuwa mwimbaji mkuu. Akasema bado anafikiri. Miaka yote hiyo hajawahi kufikiri, alikuwa ananiletea wimbo tu. Niligeukia dirishani nikatazama vichaka mpaka shingo ikaniuma.

Mkange tulifika jua limeshapanda, Hamisi akatushusha na kwenda kwenye ufuta wake. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mwanamke wa maringo. Nikakuta mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, akanipokea mkoba na kuniuliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, moja baada ya nyingine bila haraka. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi. Nilipomwambia nimesikia anasifiwa kwa sauti, nilitegemea akane kidogo kwa adabu. Akasema ndiyo, anaimba vizuri, na anajua.

Baada ya sala ya adhuhuri kina mama walikusanyika uani kwa Mwanahawa, vinu vikapangwa. Rehema akaomba mimi nishike nafasi ya mgeni anayeingia Shangwira mara ya kwanza. Mwanahawa ndiye aliyenieleza mila.

"Huku mgeni haulizwi jina, dada. Anaimba kwanza wimbo wa kwao. Akimaliza, mwenyeji anamrudishia wimbo ule ule kama alivyouimba. Hapo ndipo amekaribishwa."

Nikaona Mungu amenipa nafasi. Nikachagua wimbo wa kumtoa bibi harusi nje, alionifundisha nyanya yangu, nikauimba kwa nia moja tu, ya kumshinda yule mwanamke nyumbani kwake. Niliivuta miisho, nikapandisha sauti pasipohitaji kupandishwa, na muda wote jicho langu lilikuwa kwa Rehema. Nilipomaliza kina mama walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha Mwanahawa akafumba macho akaurudisha. Aliurudisha wote. Pumzi niliyoivuta katikati ya neno, aliivuta pale pale. Miisho niliyoirefusha, aliirefusha vile vile. Hakuna aliyecheka. Nikamsikia mtu anayeimba huku anachungulia kama anatazamwa, na mtu huyo alikuwa mimi. Baya zaidi, kwenye koo lake wimbo wangu, pamoja na kasoro zake, ulikuwa mzuri kuliko nilivyouimba mimi.

"Umeniigiza," nikamwambia.

"Sikukuigiza. Nimekurudishia. Hairuhusiwi kupunguza."

Rehema akanivuta kando, karibu na jiko. Alisema mwimbaji mkuu atakuwa Mwanahawa, na mimi ananitaka kwenye nafasi ya mgeni. Nikamwambia mgeni ana wimbo mmoja tu katika mchezo mzima.

"Mmoja," akasema. "Na ndio pekee ambao sikuutunga mimi. Utauleta wewe, unaoutaka."

Nilirudi uani nikakaa kwenye mkeka pamoja na wale kina mama.

Jioni tulirudi mjini, nyuma kumejaa magunia. Rehema alisinzia. Wami tuliuvuka tena huku napanga wimbo gani nitaleta wiki inayofuata.

Sasa ninakwenda Mkange kila wiki, na mkiniuliza nimejifunza nini Shangwira, nitawajibu kwamba duniani sijapata kumsikiliza mtu kama ninavyomsikiliza huyu ninayemwonea wivu. Naimba wangu, nanyamaza. Mwanahawa anafumba macho, anaanza kunirudishia, na mimi, Mungu anisamehe, nasubiri apoteze hata pumzi moja. Mpaka leo hajapoteza.