Mahari ya Babu Zetu

Wiki iliyopita lori la matofali lilinipita hapa Kitale, likimwaga vumbi jekundu barabara nzima, na roho ikaniuma. Rafiki yangu, acha nikueleze kwa nini, ingawa ni mambo ya nyumbani na yana aibu.

Nikiwa msichana mdogo, kila likizo nilipelekwa Bungoma kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Asubuhi tulichambua mboga za mrenda, tukateka maji mto Kuywa, kisha tukala mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, kwa chai ya maziwa. Mashine ya kusaga unga ilinguruma ng'ambo siku nzima. Kazi zikiisha, baba mdogo, kitinda mimba wa kukhu, alichukua fimbo yake nami nikamfuata. Mtu yule alipenda kutembea na kusimulia kupita kiasi. Bungoma mjini alinionyesha maduka ya kwanza kujengwa karibu na reli, na nani alishona nguo katika baraza ipi. Akija kwetu Kitale alinizungusha mitaani hadi viatu vinikate, akitafuta mahali ambapo inasemekana misafara ya watumwa ilipumzika. Nilimpenda kuliko mwalimu yeyote wa shule.

Lakini matembezi ya Bungoma yaliishia pale pale, kwenye kona ya mto chini ya shamba la kukhu. Palikuwa na handaki refu na ukuta wa udongo ulioota nyasi, walipojificha babu zetu na ng'ombe wao wakati wa vita. Baba mdogo alivua kofia, akanipaka tope kidogo kwenye paji la uso, akasema, "Hii ni mahari ya babu zetu. Haiguswi." Sisi kwetu l na r ni pacha, ukimwita mmoja huitika mwingine, kwa hiyo nilijua anamaanisha mahali. Nikirudi shule Kitale nilimwiga mbele ya wenzangu tukacheka mpaka machozi.

Kukhu alipokaribia kutuacha, alimkabidhi baba mdogo ile kona mbele yetu sote, akamwomba ailinde ili watoto wetu nao waione. Baba mdogo aliitikia huku akilia. Mimi nilikuwa hapo, niliona machozi yake.

Mwaka huu binti yangu alifikia umri niliokuwa nao siku zile. Handaki nilikuwa nimemsimulia tangu ananyonya, basi Jumamosi moja tukashuka mtoni, yeye mbele, akiuliza kila mara kama tumefika. Tulikuta tanuri za matofali zikifuka moshi. Ukuta haukuwepo. Handaki lilikuwa limechimbwa likawa dimbwi la maji machafu. Mama mmoja aliyekuwa akipanga matofali alituambia ati mzee mwenyewe ndiye aliuza, tena kitambo. Binti yangu aliniangalia kana kwamba nilikuwa nimemdanganya maisha yake yote.

Tulimkuta baba mdogo uani akipukuchua mahindi. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai. Nilipomuuliza handaki liko wapi, aliendelea na gunzi lake mpaka likaisha, kisha akasema bila kuinua macho:

"Si kijana yangu alikuwa anazeeka bila bibi, mama. Wakwe walikuwa wanataka ng'ombe. Ile mahari ya mto ndio nilitoa mahari."

Chai ilikuja, sikuigusa. Wengine wamewahi kunisaliti na nikasahau, lakini hao hawakunifundisha kwanza kukipenda kile walichokuja kukiuza. Huyu alinifundisha, kwa tope kwenye uso.

Njiani binti yangu aliniuliza mzee alimaanisha nini, mahali au mahari. Miaka yote nimekuwa nikimsahihisha baba mdogo moyoni, nikimbadilishia r yake kuwa l, kumbe labda alikuwa akitamka sawasawa.