Jina Ambalo Mokami Aliliacha Majini

Saa nne asubuhi, na korongoni bado hakujakucha vizuri. Jua liko huko juu, kwenye mashamba ya mihogo na mtama, lakini hapa chini kati ya miamba kuna mvuke mweupe tu na harufu ya kiberiti. Ndani ya mvuke huo kuna mtu anasugua mawe. Humwoni, unamsikia.

Mtu huyo ni Mokami Kisyeri, mama wa miaka hamsini na minne, mtunzaji wa chemchemi ya maji ya moto ambayo wenyeji wa upande huu wa Wilaya ya Serengeti wanaiita Moshini. Anasugua kwa majivu na magunzi ya mahindi ili wageni wasiteleze. Akimaliza, anazibua mfereji wa kijito ulioziba kwa gogo la mgomba, anaacha maji baridi yachanganyike na ya moto, kisha anatumbukiza kiwiko.

"Kiganja kinadanganya," anasema. "Changu kimezoea sufuria. Kiwiko hakijazoea kitu."

Zamani kiwiko hicho kilikuwa kikiruka chenyewe. Leo anakiacha majini muda mrefu, halafu anatikisa kichwa. Maji ya Moshini yanapoa, na Mokami anaamini anamjua anayeyapoza. Ni mume wake, Nyangwine, ambaye amekwishazikwa.

Jumamosi ndiyo siku ya wageni. Huletwa na Dullah, baba wa watoto watatu, aliyekuwa akiuza viatu sokoni Tarime mpaka alipogundua kuwa watu wa mjini kwake wana baridi na hawana bafu. Tarime iko juu milimani, na kuna asubuhi ambazo hata mbwa hatoki uvunguni. Dullah anawakusanya watu kwenye Noah yake baada ya chai, anawapitisha sokoni wanunue mayai na viazi vitamu, anasimama kileleni wapige picha za mabonde, kisha wanateremka, wanavuka Mto Mara, wanaingia Moshini saa sita. Kabla ya giza kila mtu yuko kwake.

Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi elfu kumi na tano. Kuoga ni elfu mbili, na watoto hawalipi. Kwa mwalimu au muuza mitumba ambaye hoteli za watalii anaziona kwenye kalenda tu, hiyo si haba.

"Watu wanakuja wamekunjamana, wanarudi wamenyooka," anasema Dullah. "Kazi yangu ni kuendesha gari. Mengine ni ya Mama Mokami."

Na mengine hayo ndiyo yanayowafanya wageni wapya watazamane.

Kuna mabwawa mawili. La wanawake liko juu na la wanaume liko chini, na katikati kuna ukuta wa mawe. Mvuke ukitanda, mtu hamwoni hata aliyekaa naye bega kwa bega. Kwa hiyo kila anayeingia anamtajia mtunzaji jina lake. Mokami hukaa juu ya jiwe lake, na kila baada ya muda anaita majina, mmoja mmoja, ili ajue kama kuna aliyezidiwa na joto.

Unapoitwa huruhusiwi kuitika kwa mdomo. Miamba ya Moshini inarudisha sauti vibaya. Sauti ya mtu wa bwawa la chini inaweza kutokea nyuma ya kisogo chako. Aliyeitwa anapiga maji kwa viganja, kulia kisha kushoto. Kofi la maji halidanganyi. Na kila aliyeitwa akiwa majini lazima aitwe tena atoke, kwa maneno ambayo Mokami alifundishwa na mama mkwe wake: "Toka, fulani, maji yamekuaga."

Sheria ya mwisho ndiyo kubwa. Usiite jina la mtu ambaye hayumo.

Felista, muuza mitumba wa Tarime ambaye mgongo wake umemfanya mteja wa kudumu, anakumbuka siku alipoanza kuingiwa na shaka. Siku hiyo walikuja wanawake peke yao, kikundi chao cha kusaidiana, na bwawa la wanaume halikuwa na mtu.

"Mama alituita, tukapiga, tukaisha," anasimulia. "Mara nikasikia paa, huko chini. Zito. Halafu la pili, pa, jepesi, kama limepigwa na mkono wa mtoto. Nikamwuliza mama, nani yuko kwa wanaume? Akaniambia oga, mwanangu. Mwili wote ukanisisimka, na nilikuwa kwenye maji ya moto!"

Mokami hafichi tena. Nyangwine alikuwa mwashi, na ukuta ule wa mawe aliujenga yeye. Ujanani alifanya kazi machimboni, baruti ikamnyang'anya vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kila jioni, wageni wakiisha kuondoka, aliingia bwawani kutuliza magoti yake. Mokami akimwita, alijibu kwa kofi zito la kulia na kofi jepesi la kushoto. Hakuna mtu mwingine aliyepiga hivyo.

Kifua kilimwondoa, mwaka juzi. Alizikwa nyumbani, upande wa pili wa kilima, na watu walijaa.

Siku aliyorudi kazini baada ya matanga, Mokami hakuwa na nguvu za kusimama. Wageni walikuwepo. Akakaa juu ya jiwe, akaita majina akiwa hana hili wala lile, na alipofika la mwisho mdomo ukaendelea wenyewe. Ukaita Nyangwine, kama ulivyoita jioni zote za ndoa yao.

"Sikukusudia," anasema. "Nilishtuka nikaziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na yeye akajibu."

Kofi zito. Kofi jepesi.

Hapo angeweza kumaliza. Angesema maneno ya kumtoa, basi. Hakuyasema siku hiyo, wala kesho yake, na anasema wazi kwa nini.

"Nilifurahi. Nisikudanganye. Nilikuwa mjane asubuhi, jioni nikawa na mume. Nani angemfukuza?"

Tangu hapo hakumwita tena, maana haikuhitajika. Kila alipomaliza majina ya walio hai, makofi yale yalifuata. Wageni walidhani ni kiputo cha maji kupasuka, au ni Dullah anatania. Mokami aliinamisha kichwa akasikiliza, akatabasamu, akaenda kupika.

Ila jambo moja lilimsumbua. Mama mkwe alikuwa amemwambia kwamba jina likiachwa majini halikai bure. Linaota moto wa wengine. Mwezi uliopita, mwalimu mmoja kutoka Tarime alitumbukiza mayai kwenye jicho la chemchemi, mahali ambapo miaka yote yai lilikuwa likiiva kabla hujamaliza kumenya kiazi. Alipopasua moja likammwagikia mapajani, bichi. Watu walicheka. Mokami hakucheka.

Wapo wanaosema chemchemi hupoa zenyewe, kwamba huko chini ardhi hujigeuza na maji yakapata njia nyingine. Mokami anakubali kuwa inawezekana. Hata hivyo anauliza kwa nini bwawa la chini, lililo karibu zaidi na jicho, ndilo lililoanza kupoa.

Yakipoa kabisa, Noah haitateremka tena. Nyumba ya Mokami imeezekwa kwa fedha za maji haya, na Felista na wenzake watabaki na migongo yao. Lakini kuyaponya ni kumzika Nyangwine mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama, mimi sikushauri," Dullah anamwambia akishusha kreti la soda. "Ila wateja wawili leo wameuliza kama maji yatakuwa ya moto. Zamani hakuna aliyeuliza."

"Nimesikia, mura, kijana wangu," Mokami anajibu. "Leo ndiyo leo."

Mchana unapita. Wageni wanaoga, wanaitwa, wanapiga maji. Baada ya jina la mwisho makofi yale yanakuja, zito na jepesi, na mvulana mmoja aliye kwenye bwawa la chini anauliza kwa sauti ni nani aliyekaa karibu naye. Baba yake anamtoa haraka bila kungoja aitwe, na Mokami anawafuata mbio mpaka njiani kumwita mtoto atoke kama inavyotakiwa.

Saa kumi wote wamekwishavaa. Dullah amewasha gari ili lipate joto, kisha amelizima, kwa sababu wote wamesikia Mokami anataka kufanya nini na hakuna anayepanda. Wamejipanga juu ya korongo, na Felista ameshika kanga yake kifuani. Mokami anakaa juu ya jiwe. Anaita, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nyangwine!"

Paa. Pa.

Mama mmoja anaanza kusali chini kwa chini. Machozi yanamtoka Mokami na hayafuti.

"Toka," anasema. Sauti inakatika, anaanza tena. "Toka, Nyangwine. Maji yamekuaga."

Mvuke wa bwawa la chini unapasuka katikati, taratibu, kama pazia mtu anapopita mlangoni. Hakuna upepo. Kwenye mawe makavu ya kutokea, yale aliyoyapanga Nyangwine mwenyewe, unaonekana unyevu, alama moja ya wayo, kisha nyingine mbele yake, zikipanda. Zinafika penye jiwe la Mokami na kusimama hapo. Yeye hageuki. Anashika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili mpaka alama zinapoanza kukauka. Hakuna zilizoendelea mbele.

Halafu Mokami anafanya jambo ambalo hajalifanya tangu matanga. Anavua kilemba ili aingie majini.

Mtunzaji wa Moshini huoga mwisho, na huitwa na wa nyumbani kwake. Aliyekuwa akimwita Mokami ni Nyangwine. Alipokufa hakubaki wa kumwita, kwa hiyo mwenye maji ya moto kuliko wote wilayani amekuwa akichemsha ndoo yake kwa kuni kama jirani yeyote.

"Felista," anasema, "utaniita?"

Anasema ana mpango wa kumfundisha Felista kazi hii, pole pole, Jumamosi kwa Jumamosi, kisha ajenge chumba cha kubadilishia nguo kwa mawe yaliyosalia ya mume wake. "Mtu asiwe mmoja," anasema. "Mmoja akiumia moyo, anaita asiyetakiwa." Kisha anateremka, na mvuke unamfunika.

Felista amekaa juu ya jiwe. Anaogopa, lakini anaita.

"Mokami!"

Kofi la kulia. Kofi la kushoto. Yote mawili mazito, yote sawa.

Wanangoja. Dullah ameinamisha sikio kuelekea bwawa la chini. Jua limeanza kuinama nyuma ya kilima na hakuna mtu anayeangalia saa. Mvuke unapanda, miamba imenyamaza, na hakuna kingine kinachopiga maji.

"Mmesikia wangapi?" sauti ya Mokami inauliza, na miamba inaileta kutoka kila upande.

"Mmoja, mama," Felista anasema. "Wewe tu."

Halafu Mokami analia, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, na hakuna anayeteremka kumnyamazisha, kwa kuwa hajaitwa atoke.

"Haya, niite," anasema mwishowe. "Niite nitoke, Felista. Maji yananiunguza."