Siku Niliyomtungia Kapiteni Azuri Mwisho Wake

Naona aibu hata kabla sijaanza, na mkicheka nitawaelewa, maana mimi mwenyewe mpaka leo, nikiwa na wajukuu wawili tayari, nikifika karibu na ule ukumbi wa parokia kule Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi, huwa navuka barabara na kupita upande wa pili kama mtu anayeogopa mbwa.

Mwaka ule nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaïre, lakini jina ndilo lililobaki, vingine vyote vilikuwa vinatuponyoka mikononi. Chuo kikuu kimefungwa, wanafunzi tumerudishwa nyumbani, wanajeshi wamepora maduka mpaka vitasa vya milango (mmoja nilimwona kwa macho yangu amebeba choo cha kauri kichwani, anatembea taratibu kama bibi harusi), na familia ambazo babu zao waliletwa kujenga reli zikaambiwa ghafla kwamba hapa si kwao, wapande treni warudi kwenye mkoa wa wazee wao. Watu walilala stesheni kwa majuma wakisubiri behewa. Sisi tuliobaki tuliishi kama watu walioamka nusu. Unatoka asubuhi, vumbi jekundu limesimama hewani halitaki kushuka, unaona nyumba ya jirani mlango wazi, hakuna mtu, kuku tu anaingia sebuleni na kutoka, na unajiuliza kama ni kweli au bado uko kitandani.

Mimi nilikimbilia vitabu. Maktaba ndogo ya parokia ilikuwa na albamu za Kapiteni Azuri, zile hadithi za michoro tunazoita bédé, za shujaa mwenye joho la buluu anayeruka juu ya mji wa moshi na viwanda, mji uliofanana na Lubumbashi kiasi kwamba nilikuwa nikiangalia bomba refu la kiwanda chetu nikitegemea kumwona amesimama juu yake, joho linapepea, anatutazama. Albamu ya kwanza mpaka ya nane nilizijua kama Baba Yetu. Ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, haikuwepo kwenye rafu. Mtu aliiazima na haikurudi.

Sasa, Papa Donatien, mstaafu wa reli aliyekuwa akituonyesha video kwenye ukumbi wa parokia kila Jumapili alasiri kwa jenereta, akapata kaseti kutoka kwa dereva mmoja wa lori wa Kasumbalesa, kule mpakani. Filamu ya Kapiteni Azuri! Lakini kwa Kiingereza, na mtaani kwetu Kiingereza kilikuwa kama mlio wa redio isiyoshika stesheni. Akanifuata nyumbani.

"Clarisse, ile mabuku ya Azuri, ulisomaka yote?"

Neno moja lingeniokoa. Ningesema tu "bado moja," na leo ningekuwa natembea upande wowote wa barabara ninaotaka.

"Yote, Papa. Mpaka ya mwisho."

"Bon. Njo utatuelezea filme, na kisha utasema kama banafuata kitabu ao banaharibu." (Kwetu "njo" ni ndiyo, na "wa-" huwa "ba-".)

Ijumaa nikakuta kipande cha katoni kwenye mlango wa kanisa, kimeandikwa kwa makaa: Kapiteni Azuri, pamoja na Mademoiselle Clarisse, mtaalamu. Mtaalamu! Nilikisoma mara nne. Kichwa kikavimba, na kichwa kikishavimba kinataka nguo ya kukifaa, basi nikakumbuka pazia la sebuleni la mama, la buluu iliyoiva, ambalo alikuwa amelificha chini ya gunia la makaa ili wanajeshi wasilione. Nikalichukua, nikalikung'uta, nikalifunga shingoni. Nilijiambia nitalirudisha kabla hajajua (mama aliniambia anakwenda Ruashi kumwona shangazi).

Jumapili ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Walifunga madirisha kwa maboksi ili giza liingie, lakini bati lilikuwa na matundu, na jua lilipita humo likashuka katika vumbi kama nyuzi za dhahabu, likitua juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo ukigeuka nyuma unaona watu mia wamekaa chini ya nyota mchana kweupe. Jenereta ilikuwa inavuma nje. Hakuna aliyezungumza juu ya treni. Nikasimama kando ya televisheni na joho langu, na nawaambieni, kwa saa nzima nilikuwa hodari.

Nilitafsiri hata nisichoelewa. Nilihukumu kila kitu. Joho lao ni jeusi mno, kwenye kitabu ni la buluu. Kanali Kutu, yule adui, wamemfanya mwembamba wakati kwenye kitabu ana tumbo la mwenye baa. Lakini namna Azuri anavyotua, mguu wa kushoto kwanza, hapo wamepatia! Na watu walikuwa wakiitikia "ehee!" kama kanisani, na rafiki yangu Monique, aliyekuwa mstari wa pili na mfuko wa kitambaa magotini, alinitazama kwa fahari kama vile ni yeye aliyenifundisha.

Ndipo ukaja mwisho. Mji umeungua. Azuri anashuka pembeni mwa barabara ambako watu wanaondoka na mizigo vichwani, anavua joho, anamfunika bibi mmoja anayetetemeka kwa baridi, kisha anaingia katikati ya wale watu, anatembea nao kwa miguu, hakuna anayemjua, ukungu unawafunika wote pole pole, na maandishi yanapanda. Basi.

Mwanamke mmoja akaanza kulia kimya kimya, na mimi, badala ya kuketi, nilipandwa na hasira kama vile nimeibiwa.

"Hapana!" nikasema. "Hii haiko yenyewe! Banaharibu! Kwa kitabu haiishe hivi!"

"Inaisha namna gani?" Papa Donatien akauliza.

Watu mia wakanigeukia. Mnafikiri nilikiri? Nilifumba macho na maneno yakaja yenyewe, matamu, sijui yalitoka wapi. Nikasema Azuri anaruka mara ya mwisho mpaka juu ya mawingu, anakusanya moshi wote wa mji kwenye joho lake, na asubuhi yake treni zinaanza kurudi. Moja moja. Watu wanashuka na vyungu vyao na vitanda vyao, kila mmoja anakuta mlango wake uko palepale, taa inawaka ndani, na jirani ameshamwekea maji motoni. Nilitaja mpaka harufu ya chai. Nilipofumbua macho watu walikuwa wanajifuta machozi, na mzee mmoja alisema, "Njo kitabu, ile! Benye filme beko bajinga."

Halafu Monique akasimama. Maskini, hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amekuja kurudisha vitabu vya parokia kwa sababu familia yao ilikuwa imepata nafasi kwenye treni ya Alhamisi.

"Mais Clarisse," akasema, akitoa kitu mfukoni, "namba tisa iko hapa. Kaka yangu njo aliikamataka. Inaisha sawa na filme."

Akaifungua ukurasa wa mwisho. Joho, bibi, ukungu, yote, mpaka idadi ya mizigo. Hakuna filamu iliyowahi kufuata mwisho wa kitabu kama ile, na mtaalamu alikuwa ameiita ya uongo mbele ya parokia nzima. Albamu ikapita mkono kwa mkono, mstari kwa mstari, na kicheko kikapita nayo, kikikua. Nikarudi nyuma kuelekea mlangoni, nikatamani ardhi inimeze.

Badala ya ardhi nikamkuta mama. Ruashi hakwenda, alikuwa amesikia binti yake ni mtaalamu, akaja kujificha nyuma anione.

"Clarisse," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye televisheni, "ile si rido yangu?"

Nilikimbia. Rido, yaani pazia, likanasa kwenye msumari wa mlango, likapasuka kwa mlio mrefu, nikaenda nyumbani na nusu yake shingoni huku watoto wakinifuata wakipiga kelele "Azuri! Azuri!" (na kweli, mguu wa kushoto ulitangulia nilipojikwaa nikaanguka kwenye mfereji).

Hiyo si aibu yenyewe. Hiyo tunaicheka sote, hata mama aliicheka kabla hajafa.

Alhamisi nilikwenda stesheni kumuaga Monique. Mama yake alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, siku ya kumi na moja pale pale, akilinda nafasi yao, kwa hiyo Jumapili hakuwa ukumbini. Alinishika mkono.

"Monique ananiambia ulipatia ile filme mwisho ingine. Ile ya bantu banarudi. Unielezee na mie."

Nilikuwa bado naungua uso. "Mama, ilikuwa bongo tu," nikamwambia, yaani uongo.

"Najua ni bongo, mutoto wangu. Unielezee."

Watu wa mtaani walikuwa karibu, nikawaona wawili wanaanza kutabasamu, nikaangalia viatu vyangu, nikasema, "Nilisahau, mama."

Akaniachia mkono polepole, akasema haina neno, akaanza kukaza kamba ya godoro ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Treni iliondoka jioni ile, watu wamejaa hata juu ya mabehewa, moshi na vumbi vikawafunika mpaka sikuweza kujua yupi ni yupi. Baadaye Monique aliandika kwamba walifika, mama yake alianza kuuza maandazi, na kurudi hakurudi.

Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza kama nimesoma kitabu fulani nami sijakisoma, nasema sijakisoma, hata mbele ya askofu. Lakini mtu akiniomba hadithi huku anajua ni ya uongo, naketi karibu naye, hata watu wakicheka, na namsimulia yote.